Siku moja maishani mwangu: kupunguza joto na kelele ndani ya Cobra iliyojengwa nyumbani

Saa 11 alfajiri

Phoenix, Arizona, mwezi wa saba. Kazi ya joto huanza mapema, maana ikifika saa 6 mchana hewa ya nje imeshapita nyuzi 40 na kila kitu unachokigusa kinachoma. Gari la leo ni kopi ya Cobra, seti ya vipuri kutoka Factory Five ya Wareham, Massachusetts, ambayo mwenye gari ameiunganisha kwenye banda la nyumbani kwake. Chasisi ni ya mabomba ya chuma, bodi ni ya fibaglasi, kuta za ndani ni mabati ya alumini ya kama milimita 1. Injini ni Ford 302 V8, yaani ya silinda nane, ya lita 5.0, gia boksi ni T-5.

Malalamiko ni yale yale ya magari haya yote: mguu wa kulia unaungua na masikio yanavuma hata baada ya kushuka. Ndivyo umbo lenyewe lilivyo. Cobra ya mwaka 1962 ilikuwa gari dogo la kampuni ya AC ya Uingereza ambalo Carroll Shelby, Mmarekani aliyekuwa dereva wa mbio, alitaka litiwe V8 ya Ford, na kopi zimerithi ule ubanano. Manifoldi za ekzosi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) zinapita kando ya visanduku vya miguu, yaani mabati ambamo miguu ya dereva na abiria inakaa, na ekzosi zenyewe zinalala chini ya milango.

Wengi hukimbilia kununua shiti za kuzuia joto na kuzibandika kila mahali. Mimi nasema anza na matundu. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, uuvishe shiti ya bei gani. Na hewa ya moto haihitaji kupenya bati ikiwa kuna tundu la kebo limeachwa wazi.

Saa 11:30

Nafunga milango ya gereji, nazima taa, naweka taa ya LED ndani ya kisanduku cha dereva, kisha naangalia upande wa injini. Kila mstari wa mwanga nauzungushia chaki. Kwenye gari hili mwanga unatoka pale shafti ya usukani inapopita, kwenye tundu la kebo ya klachi, kwenye kebo ya mafuta, kwenye pembe ambapo mabati matatu yanakutana, na kwenye ukingo wa juu ambapo kisanduku kinakaribia bodi. Huo wa juu ndio mbaya zaidi: ni mwembamba, lakini unakimbia urefu wote wa bati.

Kwenye handaki la gia boksi, yaani mfuniko mrefu kati ya viti, mpira wa chini wa kirungu cha gia haupo kabisa. Kuna ngozi nzuri ya juu tu, ambayo ni pambo. Hewa yote ya moto ya gia boksi inapanda kupitia hapo.

Saa 12:15 asubuhi

Nawasha injini ikiwa baridi. Sekunde za mwanzo ndizo za kusikiliza gasketi za manifoldi, kwa sababu chuma kikishapata moto kinatanuka na kuziba uvujaji mdogo. Mlio wa tik-tik unaofuata mwendo wa injini maana yake ekzosi inavuja. Hilo linarekebishwa kabla ya mengine yote: mbali na kelele, kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua, na gari lililo wazi juu halikulindi. Hewa inayozunguka nyuma ya kioo cha mbele huvuta moshi kuurudisha kwa abiria.

Injini ikishapata joto, napima taimingi, yaani wakati ambapo plagi zinatoa cheche. Kwenye 5.0 ya EFI, yaani inayopuliziwa mafuta kwa umeme, unachomoa kwanza kile kiunganishi kidogo cha SPOUT karibu na distributa, kisha taimingi ya msingi inatakiwa isome nyuzi 10 za mzunguko wa injini kabla ya pistoni kufika juu. Ikichelewa, mafuta yanaendelea kuungua hadi kwenye manifoldi, nazo zinaweza kuwa nyekundu. Hakuna shiti itakayokuokoa na hilo. Mchanganyiko wenye mafuta machache na hewa nyingi nao hupandisha joto vivyo hivyo.

Saa 1:30

Dakika 30 barabarani, kisha vipimo. Angalizo kwa wenye kipima joto cha infraredi: alumini inayong'aa inakidanganya, inasoma chini sana kuliko hali halisi. Nimebandika vipande vya tepu nyeusi sehemu sita na napima juu ya tepu. Naandika tofauti kati ya bati na hewa ya nje, siyo namba ya bati peke yake. Bati likisoma 68 na nje ni 35, naandika 33. Bila hivyo, vipimo vya asubuhi na vya mchana havilinganishiki.

Kelele napima gari likiwa limesimama, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, simu ikiwa usawa wa sikio la dereva. Programu ya simu haina usahihi wa maabara, lakini simu ile ile, mahali pale pale, inatosha kuonyesha tofauti.

Saa 3

Wakati injini inapoa, natoa viti, kapeti na kifuniko cha handaki.

Kuziba kunataka subira. Silikoni iwe ya aina isiyonuka siki, kwa sababu ile yenye asidi hula chuma na alumini. Mabati yaliyolegea nayatoa riveti, nasafisha kwa spiriti, naweka uzi mwembamba wa silikoni kati ya bati na bomba la chasisi, kisha narudisha riveti za inchi 1/8, kila baada ya milimita 50. Silikoni hiyo inafanya kazi tatu: inaziba, inazuia bati lisilie kwenye bomba, na inatenganisha alumini na chuma visilane kwa kutu. Matundu ya nyaya na kebo yanapata mipira yake. Shafti ya usukani inapata kiatu cha mpira wa kuvumilia joto, chenye nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza. Ukingo wa juu nauvisha mpira wa mlango, ule wenye bomba laini linalobonyea bodi ikikaa.

Halafu taa ya LED tena, giza tena, hadi mwanga uishe.

Saa 6 mchana

Bati la kukinga joto. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Foili inayong'aa hurudisha mnururisho wa joto pale tu inapokuwa na hewa mbele yake au nyuma yake. Ikibanwa kati ya vitu viwili, inageuka chuma kinachopitisha joto. Nakata alumini ya milimita 1 kulingana na ukuta wa kisanduku, naiinua kwa spesa za milimita 12 na boliti chache za chuma kisichoshika kutu, na naacha wazi juu na chini ili hewa ya moto ipande na kutoka.

Kati ya bati hilo na manifoldi naacha angalau milimita 25. Injini hujipinda ukikanyaga mafuta: V8 hii hunyanyuka upande wa kushoto, upande wa dereva. Nafasi iliyotosha gari likiwa limesimama inaweza kugonga likiwa linavuta.

Manifoldi zenyewe naona zipakwe seramiki. Kuzifunga kwa kitambaa kunapunguza joto kweli, lakini kitambaa hushika unyevu, na chuma cha kawaida huoza ndani yake bila wewe kuona.

Saa 8

Sasa ndiyo zamu ya shiti. Butili, aina ya mpira laini unaonata, yenye foili, milimita 2, upande wa ndani tu, kamwe siyo upande wa manifoldi. Ile ya lami siitumii: ikipata joto inanuka na kuteleza. Huhitaji kufunika bati zima. Gonga kwa kifundo cha kidole, bati linalolia kama ngoma libandike katikati, robo hadi nusu ya eneo lake. Sugua kwa rola hadi mistari ya foili ilale, la sivyo hewa iliyobaki chini itaibandua shiti.

Juu yake inakuja sponji ya vitundu vilivyofungwa, milimita 6, bila mapengo. Sponji ya godoro hunywa maji ya mvua. Gundi iwe ya kuvumilia joto. Kisha nakanyaga kila pedali hadi mwisho: sponji ikivimba nyuma ya pedali ya mafuta, inaweza kuikwamisha ikiwa imebonyea. Hapo natumia kisu bila huruma.

Saa 10 jioni

Bomba la hewa la inchi 3, kutoka mbele ya radieta hadi kisanduku cha dereva, lenye kifuniko cha kufunga mvua ikinyesha. Kwenye foleni hakuna upepo wa kusukuma hewa, kwa hiyo nimeunga feni ndogo ya volti 12, ile ya kutolea hewa kwenye boti, yenye fyuzi yake. Watu hupenda kuinua boneti kwa nyuma ili joto litoke. Kwenye mwendo haisaidii, kwa sababu mbele ya kioo hewa ina mgandamizo mkubwa na hurudi ndani. Matundu ya pembeni, nyuma ya magurudumu ya mbele, ndiyo njia halisi ya kutokea.

Saa 11:30 jioni

Silikoni inakauka kama milimita 2 au 3 kwa siku, hivyo jaribio la barabarani ni kesho, saa 1:30 asubuhi, njia ile ile, tepu zile zile. Kwenye karatasi ya mwenye gari naandika mambo mawili. Boliti za manifoldi zikazwe tena zikiwa baridi baada ya safari chache, kwa sababu hulegea zikipashwa na kupoa. Na ndani ya ekzosi za pembeni, pamba ya kioo inayozunguka bomba lenye vitundu huungua polepole na kutoka. Kelele ikirudi bila sababu, afungue hapo kwanza, asiongeze shiti.