Nani Alimkatiza Nani Sikonge

Mwaka 2011 nilifanya kazi ya muda ya ukalimani kwa mgeni kutoka Uingereza aliyekuja mkoani Tabora kuzungumza na wafugaji wa nyuki juu ya mizinga ya kisasa. Kutafsiri kwa mdomo hakukunipa taabu. Taabu ilikuja usiku, katika nyumba ya wageni, aliponikabidhi rasimu ya ripoti yake niipitie kabla hajaituma, kwa kuwa ndani ya aya moja tu watu wote waliozungumza mkutanoni walikuwa wamekwisha kuhukumiwa na vitenzi, hata kabla msomaji hajayafikia maneno yao.

Mkutano ulikuwa umefanyika mchana wa siku hiyo katika kijiji kimoja cha wilaya ya Sikonge, chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya kijiji. Hoja ilikuwa mizinga ya magome. Warina asali wa huko wamezoea tangu zamani kuchuna gome la mti wa miombo likiwa zima, kulikunja na kulishona upya liwe mzinga, na mti unaochunwa hivyo kuzunguka shina lote hufa. Mgeni alipendekeza masanduku ya mbao yenye vijiti vya kujengea masega, yawekwe juu ya stendi zenye kimo cha kiuno, ili hata akina mama waweze kurina bila kupanda mti.

Afisa nyuki wa wilaya alizungumza kwa kirefu, akiwa amesimama, wala hakuna aliyemwomba. Mwenyekiti wa kijiji aliongeza machache. Mzee mmoja, mrina asali wa siku nyingi aliyeketi juu ya mzizi wa mwembe, alitia neno mara tatu. Mara ya kwanza mwenyekiti alikuwa akieleza jinsi miti inavyopungua, na mzee akaimalizia sentensi pamoja naye, "hadi uende mwendo wa siku nzima," ndiyo desturi ya msikilizaji anayetaka msemaji ajue kwamba wako pamoja. Mara ya pili alisahihisha jina la mti. Mara ya tatu mgeni mwenyewe alikuwa katikati ya maelezo ya stendi, nami nikiwa bado natafsiri, mzee akanyanyua mkono.

"Nakukata kalima, mgeni wetu, uniwie radhi. Hapo kwenye kiuno, nyegere anafika." Nyegere ni yule mnyama mwizi wa asali.

Katika rasimu, afisa nyuki alikuwa ameandikiwa "weighed in", mwenyekiti "chipped in", na mgeni, ambaye alinidakia maneno zaidi ya mara moja ili aulize swali kabla sijamaliza kumtafsiria, alijiandikia "interjected". Mzee aliandikiwa "butted in", mara zote tatu.

Kamusi ya haraka ingeviweka vitenzi hivyo vyote katika fungu moja la kuingia kwenye mazungumzo, lakini Mwingereza anayevisoma haoni watu wa aina moja. Weigh in ni msemo wa mabondia na wapanda farasi wa mashindano, ambao hupimwa uzito, kwa hiyo anayeelezwa hivyo amekuja na uzito wake. Chip in huenda inahusiana na vibao vya kuchezea kamari, na hutumika pia kwa mtu anayetoa mchango wa fedha. Mwenyekiti, basi, alikuwa amechangia. Interject asili yake ni Kilatini, kutupa kitu katikati, na ina harufu ya watu waliosoma. Lakini butt ni pigo la kichwa la beberu au la kondoo dume, na butt in, msemo ulioanzia Marekani, humaanisha kwamba aliyeingia hakutakiwa. Mzee wa watu alikuwa ameingizwa kwenye ripoti na pembe zake.

Nilimweleza mgeni hayo kwa adabu, maana ndiye aliyekuwa akinilipa. Alijitetea kwa jambo ambalo sikuweza kulikataa: asiyejua lugha hasikii maneno, husikia tu kwamba sauti ya pili imepanda juu ya ya kwanza. Nikamuuliza wabunge wa kwao London wanaopaza sauti "Hear, hear" kumuunga mkono mwenzao akiwa bado anahutubia huandikiwa kitenzi gani. Akacheka. Nikaendelea kumuuliza juu ya mbunge anayetaka kuingilia hotuba, ambaye humwomba msemaji ampishe kwanza, jinsi ambavyo Dodoma mtu husimama na kusema "Taarifa, Mheshimiwa Spika", na kama ombi hilo lina tofauti gani na "nakukata kalima, uniwie radhi". Hapo hakucheka, alichukua kalamu.

Neno la kwanza la mzee alilibadilisha kuwa "chimed in", na nadhani hakuna kitenzi cha Kiingereza kilichomfaa zaidi, kwa sababu hicho ni cha kengele zinazolia kwa kupatana, na anayeelezwa hivyo kwa kawaida anaunga mkono. La pili likawa "pointed out", yaani alionyesha jambo. La tatu ndilo lililotuchelewesha, safari hii kwa sababu yake yeye: alikuwa amekwisha kumwonea mzee haya, akataka kuandika kwamba mzee aliongeza tu. Nilikataa. Mzee alimkatiza mtu kweli, tena kwa kutangaza kwamba anamkata, na kumfutia tendo hilo kungekuwa kumfutia ujasiri wake mbele ya mgeni na afisa. Nilipendekeza "interrupted", ambayo asili yake ya Kilatini ni kuvunja, na haisemi kama mvunjaji ana adabu au hana. Ya kwake mwenyewe, "interjected", hakukubali kuigusa, nami sikuing'ang'ania.

Aliandika pia, kwa mara ya kwanza, kile ambacho mzee alikisema baada ya kumkata: kwamba nyegere ana ngozi nene, hata nyuki hawamtishi sana, kwamba sanduku la kimo cha kiuno hulipindua na kulipasua kwa kucha, na kwamba mzinga ulioning'inizwa tawini kwa waya humyumbia asipate pa kukanyaga.

Nakala ya mwisho niliiona katika ofisi moja ya wilaya miezi kadhaa baadaye. "Interrupted" ilikuwa mahali pake, maelezo ya nyegere yakiifuata karibu neno kwa neno, na katika orodha ya vifaa stendi zilikuwa zimepunguzwa na waya wa kutundikia umeongezwa.