Punguzo la asilimia kumi na nusu saa isiyolipwa

Anayelinganisha kazi mbili za supamaketi huanza na swali moja: wafanyakazi wanapunguziwa asilimia ngapi wakinunua? Ni swali la haki, ila limetangulizwa mno. Asilimia ni rahisi kuandika kwenye tangazo la kazi, na mara nyingi ndiyo yenye thamani ndogo kuliko vyote vilivyomo kwenye mkataba. Ukitaka kujua inakupa nini, igeuze iwe sehemu ya mshahara, kisha uipandishe kwenye mzani mmoja na mengine.

Chukua mshahara wa 100 kwa mwezi. Tuseme 30 zinakwenda kwenye vitu vya nyumbani, na vyote unavinunua palepale kazini. Toa vitu ambavyo punguzo halivigusi, zibaki 18. Asilimia 10 ya 18 ni 1.8. Hiyo ndiyo nyongeza yako: si kumi, haifiki hata mbili. Punguzo likiwa la asilimia 20, unapata 3.6.

Sasa tazama mapumziko. Zamu ni ya saa 8, nusu saa ni ya kula. Duka la kwanza halilipi nusu saa hiyo, kwa hiyo umekaa kazini saa 8 na kulipwa saa 7 na nusu. La pili linalipa saa zote 8. Kama malipo ya saa moja ni yaleyale, la pili linakupa karibu asilimia 6.7 zaidi, kila zamu, ununue usinunue. Lile punguzo la asilimia 20 lililoandikwa kwa herufi kubwa bado halijalifikia. Kwenye usaili watu huona aibu kuuliza "mapumziko yanalipwa?", lakini hakuna swali lenye hela zaidi ya hilo.

Kuhusu vitu visivyopunguzwa, orodha hufanana mahali pengi: sigara, pombe, vocha za simu, kadi za zawadi, tiketi za bahati nasibu, mafuta ya gari, dawa na maziwa ya watoto wachanga. Sababu si moja. Vingine, kama vocha za simu, faida yake ni nyembamba kiasi kwamba duka likikupunguzia asilimia 10 linauza kwa hasara. Kadi ya zawadi ni sawa na fedha taslimu, na kuipunguza ni kugawa noti. Sigara na maziwa ya watoto mara nyingi huwa na sheria zake za bei na matangazo. Upande wa pili, bidhaa zenye nembo ya duka lenyewe ndizo zenye faida nono, na ndiyo maana maduka mengine huzipa punguzo kubwa zaidi au huzipunguza hizo peke yake. Kwa hiyo kabla ya kushangilia, chukua risiti zako za mwezi mzima, pigia mstari vitu ambavyo kweli vitapunguzwa, jumlisha. Kazi ya robo saa, na jibu lake ni lako peke yako, maana nyumba yenye mtoto wa kunyonya na nyumba ya mtu mmoja hazinunui sawa.

Kuna mtego mwingine ambao hata wenyeji wa kazi hii huwanasa: ofa. Kitu cha 200 kikishushwa kwa robo kinakuwa 150. Punguzo lako likikubaliwa juu ya ofa, unalipa 135. Lisipokubaliwa, unalipa 150 kama mteja yeyote, na kadi yako ya punguzo haijafanya kitu. Mtu aliyezoea kununua vya ofa tu hufaidika kidogo sana na punguzo lisilopanda juu ya ofa. Uliza kwa maneno hayo hayo: "linapanda juu ya ofa au haliendi?"

Halafu angalia bei za duka lenyewe. Kapu la vitu linalogharimu 100 kwa jirani na 112 hapo kazini, ukitoa asilimia 10, linakuwa 100.8. Umepunguziwa, umebeba risiti yenye mstari wa punguzo, na bado umelipa zaidi ya yule asiye na kadi kabisa. Maduka ya bei ya chini mara nyingi hayana punguzo kubwa la wafanyakazi. Kwa mnunuzi, hilo si lazima liwe baya.

Namna punguzo linavyolipwa nayo ina uzito wake. Bora kuliko zote ni linalokatwa kaunta papo hapo. La kurudishiwa mwisho wa mwezi linakutaka utoe hela yote kwanza, na usipochanja kadi siku hiyo mara nyingi hakuna wa kukurekebishia baadaye. La vocha lina tarehe ya kuisha na kiwango cha chini cha kununua, yaani linakusukuma ununue usichohitaji. Uliza pia kikomo cha mwaka. Kikomo cha manunuzi ya 240 kwa mwaka ni 20 kwa mwezi. Nyumba inayotumia 30 itaishiwa mwezi wa nane. Na kadi ya pili ya mwenzi wako, ikiwepo, huenda inakula kikomo kilekile.

Sasa jambo linaloweza kuwapotezea watu kazi kama wizi wenyewe. Kadi ya punguzo ina jina, na mfumo unakumbuka. Kumpitishia jirani vitu vyake kwa kadi yako, hata kama ni kwa wema, kwa kawaida huhesabiwa kosa kubwa, la kufukuzwa bila onyo. Kujipitishia manunuzi yako kwenye mashine yako mwenyewe ni hivyo hivyo: nenda kwa keshia mwingine, risiti iende na wewe, na mahali pengine msimamizi wa zamu lazima aitie saini kabla hujatoka mlangoni na mfuko. Lililo baya zaidi linaonekana dogo kabisa. Mteja hana kadi ya pointi, amelipa, ameondoka. Keshia anachanja kadi yake mwenyewe ili pointi zisipotee. Mfumo unaona kadi moja ikinunua mara 40 kwa siku, yote kwenye mashine namba 6, yote ndani ya zamu ya mtu mmoja. Hakuna uchunguzi mwepesi kama huo. Vitu vinavyokaribia kuisha muda vina kanuni zake pia: usimfichie mtu, usijifichie stoo hadi bei ishuke, wala usivinunue kabla havijakaa rafuni kwa muda uliowekwa. Aliyebandika lebo ya bei mpya mara nyingi haruhusiwi kukinunua mwenyewe.

Turudi kwenye mkataba, kwenye saa. Mkataba wa saa 16 kwa wiki unaofanyiwa kazi saa 30 unaonekana sawa na wa saa 30 hadi utakapougua au kwenda likizo. Mahali ambapo malipo ya ugonjwa hufuata saa za mkataba na si wastani wa saa ulizofanya, wiki ya homa inakulipa zaidi kidogo tu ya nusu ya wiki ya kawaida. Na msimu wa mauzo ukipoa, zile saa 14 za ziada ndizo zinazokatwa kwanza, bila barua.

Nyongeza ya usiku au ya siku ya mapumziko hesabu yake ni fupi. Zamu moja kati ya tano ikilipwa robo zaidi, mshahara umepanda asilimia 5. Mwajiri anayeweka asilimia 3 kwenye pensheni ukiweka 3 ameongeza 3, ila hutazigusa leo. Bima ya afya siwezi kuigeuza asilimia kirahisi. Tazama inahesabu watu wangapi wa nyumbani, kikomo cha matibabu ya kutwa, yaani yasiyo ya kulazwa, na muda wa kusubiri kabla ya kulipia uzazi.

Kisha yale yanayokatwa, ambayo hakuna tangazo linaloyataja. Viatu visivyoteleza, je, unanunua mwenyewe? Sare ya pili inakatwa kwenye mshahara? Hela za droo ya mashine zikipungua, keshia analipa? Kama analipa, hakikisha unahesabu chenji ya kuanzia mbele ya mtu na mnasaini wote wawili, na hakuna mwingine anayefungua droo hiyo kwa namba yako ya siri ukiwa umeenda kula. Droo inayotumiwa na watu watatu na kulipiwa na mmoja inaweza kumeza punguzo la mwezi mzima kwa siku moja. Zamu ikifungwa usiku wa manane, na usafiri je? Nauli ya usiku mara nne kwa wiki ni mkato wa mshahara kama mkato mwingine wowote.

Angalia pia jina la mwajiri juu ya mkataba. Wapanga bidhaa wengi wanaoonekana rafuni wameajiriwa na msambazaji au wakala, si duka. Wanavaa aproni, wanafahamu kila kona, na punguzo haliwahusu.

Kwa kawaida kadi haifanyi kazi kipindi cha majaribio, ambacho mara nyingi ni miezi 3, na hufa siku ya mwisho ya ajira. Vocha ambazo hujazitumia huenda zikafa nayo, kwa hiyo zitumie kabla hujapeleka barua ya kuacha kazi.