Waifai imeyeyuka leo Kirumba, Mwanza

Asubuhi nimepandisha kompyuta ya steshenari kutoka Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) toleo la 22.04 kwenda 24.04. Imewaka vizuri tu, ila waifai hakuna. Hata alama yake imefutika!

Na mama wa dagaa kutoka mwaloni kasimama, anataka risiti zake zichapwe.

Nikawasha upya, nikabonyeza Esc, ikaja ile menyu nyeusi ya GRUB, ya kuchagua mfumo wa kuwasha, yenye maandishi meupe.
Mama kainama mpaka pua inakaribia kioo:
"Mwanangu, umeiua?"

Nikachagua keneli (kiini cha mfumo) ya zamani.
Waifai hiyooo!

Kumbe draiva, programu inayoendesha kifaa cha waifai, haikujengwa kwa keneli mpya. Jioni nitaijenga upya, sasa hivi foleni ni ndefu.

Wakuu wa Linux, nyie mnabakiza keneli ngapi za akiba?