Siku Moja, Kijiji Kimoja: Kutembelea Miji ya Kale ya Japani na Mwongozaji Binafsi

Ukitafuta mtandaoni safari binafsi za siku moja kwenda miji na vijiji vya kale vya Japani, utakutana na matangazo mengi yanayoahidi mambo matatu kwa mpigo: asubuhi Takayama, mchana Shirakawa-go, alasiri Kanazawa, na mgeni anarudishwa hotelini kabla giza halijaingia. Ramani inaruhusu, kwa sababu barabara za kulipia zimetoboa milima ya eneo hilo kwa mahandaki, na kutoka Takayama hadi Shirakawa-go ni mwendo wa takriban dakika 50 kwa gari. Hata hivyo, mimi huwashauri ndugu na marafiki wanaokuja Japani waikatae ratiba ya namna hiyo. Anayemlipa mwongozaji wake mwenyewe hulipia muda wa kusimama, kuuliza na kusikiliza, na muda huo hauwezi kupatikana iwapo kila saa moja gari linawashwa tena. Siku moja inatosha kijiji kimoja, au vijiji viwili vilivyounganishwa na njia ya miguu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni bonde la Kiso, katikati ya kisiwa kikuu cha Honshu. Humo ilipita Nakasendo, njia ya kale ya milimani yenye urefu wa takriban kilomita 530 iliyounganisha Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto, ikiwa na vituo 69 vya kupumzikia. Wakati wa utawala wa mashogun, yaani watawala wa kijeshi, wakuu wa majimbo walilazimika kwenda Edo mara kwa mara na kukaa huko kwa zamu, nao walisafiri na misafara ya askari na wapagazi, hivyo kila kituo kilikuwa na nyumba maalumu ya kumlaza mkuu, nyumba za wageni wa kawaida, farasi na maduka. Magome ni kituo cha 43 na Tsumago ni cha 42. Mwaka 1861 binti wa ukoo wa mfalme, Kazunomiya, alipita katika njia hii akielekea Edo kuolewa na shogun, pamoja na msafara wa maelfu ya watu.

Jinsi Tsumago ilivyonusurika ni habari ambayo kila mgeni anapaswa kuisikia kabla hajapiga picha ya kwanza. Reli ilipojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, haikupita katikati ya mji huo, na biashara ya wasafiri ikafa. Miaka ya 1960 vijana walikuwa wakihamia mijini na nyumba zikiachwa zioze. Badala ya kuzibomoa, wakazi walianzisha chama chao mwaka 1968 na kuanza kuzikarabati moja baada ya nyingine, na mwaka 1971 wakakubaliana juu ya mkataba wenye misingi mitatu: tusiuze, tusipangishe, tusibomoe. Waliziondoa nyaya za umeme na antena za televisheni upande wa barabara wakazipitisha nyuma ya nyumba, na mpaka leo magari hayaruhusiwi katika mtaa mkuu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Serikali ilifuata baadaye. Sheria ya urithi wa utamaduni ilirekebishwa mwaka 1975 ili kulinda mitaa na vijiji vizima, si jengo mojamoja, na mwaka 1976 maeneo saba ya kwanza yalipotangazwa, Tsumago ilikuwa mojawapo. Sasa maeneo ya aina hiyo yamezidi 120 nchini kote. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa, kwamba watu wasiokuwa matajiri waliamua wenyewe kutouza, katika miaka ambayo Japani nzima ilikuwa ikijenga kwa saruji.

Mwongozaji mwema atakupeleka kwanza Magome, kwa treni ya haraka kutoka Nagoya hadi Nakatsugawa, mwendo wa dakika kama 50, kisha kwa basi. Sababu ya kuanzia huko ni ya kimaumbile: Magome iko juu zaidi ya Tsumago, hivyo ukitoka huko unapanda kilomita mbili hivi hadi kwenye kilele cha njia, karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari, kisha sehemu kubwa iliyobaki ni mteremko. Matembezi yote ni takriban kilomita 8, na mtu asiye na haraka huyamaliza kwa saa tatu. Njiani utakuta kengele zilizotundikwa kwenye nguzo, ambazo kila mpita njia huzigonga ili dubu wasikie na kujitenga mapema. Utapita sehemu zilizotandikwa mawe, utaona maporomoko mawili ya maji yanayoitwa la kiume na la kike, na kabla hujayafikia utakuta nyumba ya kale ya chai ambako watu wa kujitolea huwakaribisha wasafiri kwa chai ya bure karibu na meko. Hapa ndipo mwongozaji anapoonyesha thamani yake, kwa kuwa wanaokukaribisha mara nyingi huzungumza Kijapani pekee, nao wana mengi ya kusimulia juu ya njia, theluji na wasafiri wa zamani. Bila mkalimani utakunywa chai, utainamisha kichwa kwa heshima na kuondoka.

Ukifika Tsumago, usikubali kupita bila kuingia katika nyumba ya Okuya, iliyokuwa nyumba ya wageni wa daraja la pili baada ya wakuu. Jengo la sasa ni la mwaka 1877, nalo limejengwa kwa mbao za hinoki, mti wenye harufu nzuri na thamani kubwa. Kabla ya hapo mwananchi wa kawaida hakuthubutu kujenga kwa mti huo: misitu ya Kiso ilikuwa mali ya watawala wa jimbo la Owari, aina tano za miti zilipigwa marufuku kukatwa, na watu walisema kwamba hinoki mmoja ni kichwa kimoja, yaani aukataye hulipa kwa shingo yake. Utawala wa mashogun ulipoanguka na marufuku ikaondolewa, mwenye nyumba akajenga kwa ule mti uliokuwa umekatazwa. Ukilijua hilo, nguzo na mbao za dari zilizogeuka nyeusi kwa moshi wa meko huzitazami tena kama mapambo. Wahudumu wa nyumba hiyo hueleza mambo haya kwa ufasaha, lakini kwa Kijapani, na tafsiri ya papo hapo ndiyo inayokufungulia mlango.

Shirakawa-go ni habari nyingine. Kijiji chake kikuu cha Ogimachi, pamoja na Ainokura na Suganuma vya eneo la Gokayama, viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995 kwa ajili ya nyumba zake zenye mapaa ya nyasi yaliyosimama wima kama viganja vya mtu anayeomba dua. Mapaa hayo yana mwinamo wa karibu nyuzi 60 ili theluji nzito ya eneo hilo iteleze, na maungio yake yamefungwa kwa kamba na fito laini bila misumari, jambo linaloliwezesha paa kuyumba kidogo bila kuvunjika. Orofa za juu zilitumika kufuga viwavi wa hariri, na moshi wa meko uliopanda kutoka chini ulikausha nyasi na kuwafukuza wadudu. Paa huezekwa upya baada ya miaka 30 hadi 40, na kazi hiyo, ambayo familia moja haiwezi kuimudu, ilifanywa kwa ujima uitwao yui: majirani kwa mamia walipanda juu ya paa moja, wengine wakafunga nyasi, wengine wakapika, na zamu ya jirani ilipofika, deni likalipwa kwa jasho lilelile.

Tatizo la Ogimachi ni umati. Wilaya nzima ya Shirakawa haina hata watu elfu mbili, lakini wageni wanaofika kwa mwaka wamewahi kuzidi milioni moja, na wengi hufika saa zilezile za katikati ya mchana kwa mabasi makubwa. Mwongozaji binafsi anaweza kukufikisha mapema kabla ya mabasi, au akakushawishi uende Ainokura badala yake, na ukipata mwenye ujasiri wa kukushawishi hivyo, mwamini. Huko nyumba ni chache zaidi, na bado unaweza kusikia maji ya mifereji. Wanaotamani kuiona Ogimachi ikiwa imewashwa taa usiku wakati wa theluji wajue kwamba siku hizo ni chache, kati ya Januari na Februari, na haiwezekani kuingia bila nafasi iliyowekwa mapema.

Kwa anayelala Kyoto, Miyama ni karibu zaidi, ikiwa na kijiji chenye nyumba zipatazo 40 za nyasi. Mabasi ya kwenda huko ni machache, kwa hiyo ndiyo safari ambayo gari la kukodi pamoja na dereva lina faida ya wazi.

Suala la gari linahitaji uangalifu, kwa sababu wageni wengi hawalijui. Nchini Japani gari linalobeba abiria kwa malipo, kama teksi au gari la kukodi lenye dereva, huwa na kibao cha namba cha kijani chenye maandishi meupe. Kibao cheupe ni cha gari binafsi, na kwa kawaida kubeba wateja kwa malipo ndani yake ni kosa la kisheria. Ndiyo maana waongozaji waaminifu hukuambia kwamba wao hawaendeshi: huja nawe kwa treni na basi, au hukodi gari na dereva kutoka kampuni yenye kibali, na gharama hupanda. Kuhusu waongozaji wenyewe, sheria ya mwaka 1949 ilizuia mtu kuwaongoza wageni kwa lugha ya kigeni kwa malipo bila kufaulu mtihani wa taifa, na kizuizi hicho kiliondolewa Januari 2018. Leo yeyote anaweza kuifanya kazi hiyo, ila cheo cha mkalimani mwongozaji wa taifa ni cha waliofaulu peke yao. Sisemi kwamba wasio na cheo hawafai, maana mzaliwa wa kijiji anaweza kukijua kuliko mtu wa mtihani, lakini uliza, na uulize pia amekwenda kijijini hapo mara ngapi na anamfahamu nani huko.

Malipo ya mwongozaji kwa kawaida huhesabiwa kwa siku na kwa kundi, si kwa kichwa, kwa hiyo familia ya watu watano hunufaika kuliko msafiri wa peke yake. Nauli zake, chakula chake na viingilio mara nyingi hulipwa na mteja, nalo ni jambo la kuafikiana kwa maandishi mapema. Bakshishi si desturi ya Japani. Beba noti za yeni, kwani maduka madogo ya vijijini mengi hayapokei kadi.

Kwa Waislamu nina neno la ziada juu ya chakula. Utavutiwa na gohei mochi, wali uliopondwa, ukachomekwa kwenye kijiti, ukapakwa mchuzi wa soya, jozi na ufuta, kisha ukabanikwa, na utavutiwa pia na tambi za soba ambazo mkoa wa Nagano unasifika kwazo. Michuzi yake mara nyingi hutiwa mirin, ambayo ni kileo cha kupikia, na hakuna atakayekuambia usipouliza. Mwongozaji akipiga simu siku chache kabla, mpishi wa nyumba ndogo anaweza kukuandalia kitu kingine. Akiuliza mlangoni saa sita mchana, mpishi ataomba radhi tu. Adabu nyingine hazitamsumbua mtu aliyelelewa Pwani, kwa kuwa kuvua viatu mlangoni na kutochungulia nyumba ya mtu ni mambo aliyofunzwa utotoni, na nyumba hizi, hata zilizo wazi kwa wageni, kwa sehemu kubwa bado zinakaliwa.

Wakati mzuri wa Kiso ni mwishoni mwa Aprili na Mei, au mwishoni mwa Oktoba hadi Novemba majani yanapobadilika rangi; tarehe 23 Novemba watu wa Tsumago huvaa mavazi ya zamani na kuandamana mtaani kama wasafiri wa Nakasendo. Vyovyote uchaguavyo, kabla ya kulipa mwombe mwongozaji akuandikie saa ya basi la kutoka Tsumago kwenda stesheni ya Nagiso na saa ya treni utakayopanda hapo, kwa sababu mabasi ni machache, na treni nyingi za haraka za kurudi Nagoya hazisimami Nagiso.