Mtoto Aliyefariki Kabla ya Ubatizo: Yale Ambayo Wazazi Wanaweza Kuyaomba Parokiani

Hivi karibuni mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Tororo alijifungua mtoto aliyekwisha kufariki tumboni. Tulipofika kumpa pole, tulikuta mtoto amezikwa alfajiri nyuma ya jiko, bila sala yoyote, na mama mwenyewe hakuonyeshwa kaburi. Siku ya tatu maziwa yakajaa, gauni likamlowa kifuani, ndipo akaangua kilio; shangazi mmoja akamwambia anyamaze, kwa kuwa machozi yangemfunga kizazi. Ninaandika haya kwa idhini yake.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba kwa mtoto asiyebatizwa Kanisa Katoliki halina la kufanya, na imani hiyo si sahihi. Kanuni ya 1183 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inampa askofu wa mahali mamlaka ya kuruhusu maziko ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza lakini akafariki kabla, na Misale ya Kiroma, yaani kitabu cha sala za Misa, ina sala zake maalumu kwa ajili ya maziko ya namna hiyo. Basi baba wa mtoto, au yeyote mwenye nguvu siku hiyo, amwendee katekista au paroko kabla kaburi halijachimbwa. Kama mama yuko hospitalini, familia iwaambie wauguzi mapema kwamba inautaka mwili, hata kama mimba ilikuwa changa, kwa maana asiyeomba huenda asipewe.

Mtoto aliyekwisha kufariki habatizwi, kwa sababu sakramenti ni za walio hai. Hata hivyo hakuna kinachowazuia wazazi kumpa jina. Lakini mtoto anayepumua kwa shida asisubiri padre. Mtu yeyote, hata mkunga asiye Mkatoliki, akiwa na nia ya kufanya lile ambalo Kanisa hufanya, anaweza kummiminia maji kichwani huku akitamka: “Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Baadaye parokia ijulishwe ili jina liandikwe kwenye kitabu cha ubatizo.

Wazee wetu walisikia habari za limbo, yaani mahali nje ya mbingu palipodhaniwa kuwa pa watoto wasiobatizwa, nayo iliwaumiza wazazi wengi ingawa haikuwahi kutangazwa kuwa fundisho la imani. Katekisimu, katika namba 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa hati inayoeleza sababu nzito za kutumaini kwamba wanaokolewa. Hilo ni tumaini, nami ningependa tuliseme hivyo hivyo bila kulipamba. Kauli ya kwamba mtoto “amekuwa malaika” husemwa kwa mapenzi mema, lakini Kanisa halifundishi kwamba binadamu hugeuka malaika.

Kuna pia wanawake wanaokwenda kuungama kwa sababu mimba iliharibika, wakidhani walikosea kwa kubeba mtungi au kulima. Mimba kuharibika yenyewe si dhambi. Na kuhusu kukatazwa kulia, kila tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode, husomwa Injili ya Raheli anayewalilia watoto wake, naye “asitake kufarijiwa, kwa kuwa hawako.” Sijapata kusikia padre akimkemea Raheli.

Akina baba nao tunawasahau, kwa kuwa wao ndio wanaoshika jembe na kurudi kazini kesho yake. Jumuiya ikienda kusali nyumbani, imtaje baba pia, na irudi tena baada ya wiki chache, kwa sababu wageni wa siku ya kwanza huisha upesi. Wale waliofiwa miaka mingi iliyopita, ambao kaburi halijulikani tena lilipo, bado wanaweza kutoa nia ya Misa parokiani na kuomba padre aje kuubariki uwanja alikozikwa mtoto.