Yujinoli: kutoka makonyo ya Pemba hadi mtego wa nzi

Kazini kwangu, kliniki ya meno, nachanganya unga wa zinki oksaidi na yujinoli juu ya kioo. Nakoroga mpaka mchanganyiko unakuwa mzito kama ugali, kisha naliziba nao kwa muda jino lililotoboka. Maumivu hutulia, na chumba kizima hunukia karafuu. Mafuta ya karafuu sehemu kubwa ni yujinoli yenyewe: pete ya kaboni sita, iitwayo benzini, yenye mkia wa kaboni tatu. Kwetu Pemba, kiwanda cha Wawi huyatoa kwa mvuke hata kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki tukishachambua karafuu.

Mimi hupenda zaidi vinavyozaliwa nayo. Hamisha kifungo maradufu cha mkiani, yaani kile kinachounganisha kaboni mbili kwa nguvu zaidi, unapata isoyujinoli; ioksidishe, yaani ipe oksijeni, inatoa vanilini, harufu ya aiskrimu. Ukiweka methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu) mahali pa haidrojeni ya fenoli, ile iliyoshikana na oksijeni kwenye pete, unapata methili yujinoli, inayowavuta madume wa nzi wa matunda, wa aina ile iliyogunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuharibu maembe ya wakulima wengi. Shangazi amening'iniza mtego mwembeni: chupa ya plastiki, pamba iliyolowa, dawa kidogo ya wadudu. Ukiufungua, nzi wamejaa tele.

Nawasihi jamani, mafuta ya karafuu msiyapake ufizini bila kuyazimua. Yanaunguza.