Mgongo wa mama kwenye laptopu

Jamani hizi sidii tunazopewa hospitali baada ya MRI, hivi siku hizi nani ana pa kuzitia? Laptopu yangu haina, ya mdogo wangu haina, mpaka nikaazime draivu ya nje ya USB kwa jirani fundi simu. Kufungua nakuta mafolda ndani ya mafolda, mafaili yanaitwa IM0001 na kuendelea, hata jpg mwishoni hamna, na kingine kinaitwa DICOMDIR, kumbe ndo orodha ya picha zote, ukikibonyeza kompyuta inakuuliza ikifungue na nini. Programu iliyokuja na sidii ikagoma, nikashusha Weasis, ya bure hiyo, nikaielekeza kwenye ile DICOMDIR, mgongo wa mama huo hapo.

Mama naye kashavuta kiti, miwani machoni. "Sogea huko, si mgongo wangu?" Basi nazungusha kigurudumu cha mausi picha zinapita moja moja kama slesi za mkate, pingili zimejipanga, maji ya uti wa mgongo meupe pee kwenye zile picha za aina inayoitwa T2, maana kwenye T2 maji ndo yanang'aa. Diski za juu, vile vijimto vya kati ya pingili, zina weupe kwa kati, ya L4-L5, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni, nyeusi tii, imekauka na imechomoza kidogo kwa nyuma.

"Hilo jeusi ndo ugonjwa wenyewe?" Nikamwambia mama, diski za watu wengi zinakauka umri ukienda na wala hawaumwi, kwa hiyo weusi peke yake sio jibu, tusubiri daktari na ripoti. Hakuridhika kabisa. "Sasa umeifungulia nini?"

Hapo kanishika. Nadhani nilitaka tu nikione kile kinachomwamsha, maana mama hasemi, usiku unamkuta kakaa sebuleni, ukimuuliza anakwambia joto.

Kaka aliyeko Muscat anataka tuzirushe kwenye grupu la familia, nimekataa, kila picha ina jina kamili la mama pembeni, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali. Nimekata kipande kisicho na maandishi nikamtumia yeye tu. Daktari nampelekea folda zima kwenye fleshi pamoja na sidii yenyewe, skrinshoti haimsaidii, anahitaji mafaili halisi abadilishe mwanga anavyotaka na apime mwenyewe hiyo diski imetoka milimita ngapi.